Nyimbo mpya za odisyo: shajara ya mradi wa klaseri ya mwimbaji, Lubumbashi

Lengo

Kila mwimbaji-mwigizaji wa kundi awe na klaseri (jalada la karatasi zenye matundu) moja yenye nyimbo sita hadi nane anazoweza kuziimba kesho asubuhi akiitwa kwenye odisyo (majaribio ya kuchagua waigizaji) ya tamthilia ya muziki. Angalau nusu yake ziwe nyimbo ambazo jopo la wachaguzi halijazichoka. Kila moja iwe na karatasi ya noti ambayo mpiga kinanda asiyemjua mwimbaji anaweza kuipiga bila kuuliza maswali.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalobeba mradi mzima. Wimbo maarufu unaokolewa na masikio: karatasi ikiwa mbovu, mpiga kinanda anaukumbuka na kujaza mapengo. Wimbo mgeni hauna msaada huo. Kadiri unavyokuwa haujulikani, ndivyo karatasi inavyotakiwa kuwa safi zaidi. Asiyekuwa tayari kufanya kazi ya karatasi abaki na nyimbo za zamani tu, atasikika vizuri zaidi.

Mwezi wa tatu: kuchuja zilizopo

Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa. Tulikusanya nyimbo zote zilizokuwa mikononi mwa waimbaji, na orodha ikajirudia vilevile kama inavyojirudia kwa karibu kila mtu anayeimba kwa Kifaransa: wimbo wa Fantine kutoka Les Misérables, «Belle» kutoka Notre-Dame de Paris, «SOS d'un terrien en détresse» kutoka Starmania. Ni nyimbo nzuri, na ndiyo maana zimechosha. Kasoro zake zinatofautiana, lakini.

«Belle» iliandikwa kwa sauti tatu za kiume, wanaume watatu wanaomtamani mwanamke mmoja. Ukiiimba peke yako unabaki na beti la mhusika mmoja na kiitikio ambacho kazi yake ilikuwa kuwagonganisha watatu. Mgongano umekatwa, imebaki melodi. «SOS» inaanzia chini na kupanda mpaka sauti ya kichwa. Anayeichagua huwa anataka kuonyesha upana wa sauti, naye huishia kuonyesha mahali inapovunjika. Wimbo wa Fantine unaingia akilini mwa jopo pamoja na sauti za wote waliokwisha kuuimba, kwa hiyo unapimwa na kiwango ambacho hukukiweka wewe.

Kundi la pili lililoondolewa lilileta ubishi: nyimbo za ibada. Wengi wetu tumetoka korali, na Lubumbashi imekuwa na korali zinazosoma noti tangu enzi za mtunzi Joseph Kiwele. Lakini wimbo wa sifa hujengwa kwa kurudia. Mstari mmoja unaimbwa mara nane, na kinachopanda ni nguvu, maana inabaki palepale. Katika sekunde 40 jopo litajua kwamba una sauti, halitajua kama unaweza kumbeba mhusika. Zilizobaki ni mbili tu. Katika hizo mbili mwimbaji anambishia Mungu, anauliza, anakataa, halafu anakubali. Hapo kuna mchezo.

Kipimo cha kuchuja ni rahisi. Mwimbaji anasema maneno ya wimbo bila kuimba, amesimama mbele ya mtu mmoja. Anaongea na nani? Anataka nini kutoka kwake? Mwishoni kuna kilichobadilika kuliko mwanzoni? Majibu yasipopatikana, wimbo unatoka hata ukiwa haujawahi kuimbwa Katanga nzima. Mji uliozoea michezo ya kundi la Mufwankolo, ambamo waigizaji walikubaliana kisa tu kisha maneno yakazaliwa palepale jukwaani, haupaswi kuona zoezi hili kuwa gumu.

Mwezi wa tatu, mwishoni: vipimo vya sauti, na mitego miwili ya majina ya noti

Kwa kila mwimbaji tunaandika noti nne: ya chini kabisa inayosikika, ya chini inayobeba maneno, ya juu inayobeba maneno, na ya juu kabisa. Nyimbo zinachaguliwa kwa zile mbili za katikati. Noti ya juu kabisa ya siku njema haihesabiwi. Kilele cha wimbo wa odisyo kiwe walau toni moja chini yake, kwa sababu hofu hufupisha pumzi na kukaza koo. Wimbo uimbwe mara tatu mfululizo mazoezini. Kilele kikichoka mara ya tatu, wimbo wote unashushwa.

Mtego wa kwanza ni namba za oktava. La ya Hz 440 huitwa la 3 kwa hesabu ya Kifaransa, na Wamarekani huiita A4. Mwanamke anayeona kwenye ukurasa wa Kimarekani kwamba wimbo unakwenda A3 hadi D5, akazisoma kama la 3 hadi re 5, ataona uko oktava nzima juu ya ulipo. Atauacha wimbo unaomfaa kabisa. Tumefuta namba zote na kuandika kwa kuhesabu kutoka do ya katikati ya kinanda: «la iliyo chini ya do ya katikati, hadi re iliyo oktava moja na toni moja juu ya do hiyo». Ni maneno mengi, lakini hakuna anayekosea. Wanaume wakumbuke pia kwamba noti zao zikiandikwa kwa ufunguo wa sol, sauti hutoka oktava moja chini ya kilichoandikwa.

Mtego wa pili ni wa kwetu zaidi. Waliolelewa na sol-fa ya herufi (noti zikiandikwa d, r, m), hasa katika korali za Wametodisti, huita «d» noti ya msingi ya toni (ngazi ya noti za wimbo) yoyote ile. Mpiga kinanda aliyejifunza kwa Kifaransa akisikia «do» anaweka kidole kwenye do. Mwimbaji akisema «naanzia kwenye do» huku wimbo uko katika fa, wawili hao wamekwisha kuachana kabla ya kipimo (fungu dogo la mapigo) cha kwanza cha muziki. Kwa hiyo juu ya kila karatasi ya sol-fa tunaandika «d = fa», au toni yoyote inayohusika, na mbele ya mpiga kinanda hatutaji noti kwa mdomo, tunaionyesha kwa kidole. Sol-fa inabaki kwa mazoezi. Nyimbo za tamthilia hubadilisha toni katikati na zina «fe» na «ta», noti za nje ya toni, nyingi kiasi kwamba kuziandika zote kwa herufi ni kujitesa.

Mwezi wa nne: kutafuta

Hapa ndipo kazi ilipokuwa tamu. Upya haupatikani kwa kutafuta wimbo uliotoka jana, maana uliotoka jana tayari uko kwenye simu ya kila mtu. Tulipita njia tatu.

Njia ya kwanza: mtunzi yuleyule, kazi nyingine. Jopo linaloandaa tamthilia fulani linataka kusikia mtindo wake, lakini mara nyingi halitaki wimbo wa tamthilia hiyohiyo isipokuwa limeuomba. Chukua wimbo wa mhusika wa tatu au wa nne katika kazi nyingine ya mtunzi huyo. Wahusika wadogo wana nyimbo fupi zenye kichekesho au hasira, na hakuna anayezigusa.

Njia ya pili ni opereta (tamthilia nyepesi za kuimba) za Kifaransa za karne ya 19. Mtunzi Offenbach alifariki 1880. Kazi zake ni mali ya umma, na vitabu vyake vya sauti na kinanda vinapakuliwa bure kwenye maktaba ya IMSLP. (Faili la opereta nzima ni zito. Lipakuliwe mara moja penye mtandao mzuri, kisha zitolewe kurasa nne zinazohitajika.) Mfano ulioturidhisha kuliko yote ni barua ya Périchole katika La Périchole ya 1868. Msichana mwimbaji wa barabarani huko Lima anamwandikia mpenzi wake kwamba anampenda, lakini njaa imewashinda, anaondoka. Hakuna haja ya kueleza hali hiyo kwa mtu wa mitaa ya Katuba au Kenya hapa Lubumbashi. Kuna tendo la wazi, barua, kuna anayeambiwa, na hauhitaji sauti ya kupaa sana. Kinachoharibika ni pale mwimbaji anapoubeba kwa sauti nzito ya opera, vokali zikapanuka, maneno yakapotea. Uimbwe karibu na usemi. Kuna pia wimbo wake wa ulevi baada ya chakula, ambao ni kichekesho, lakini uchaguliwe na anayejua kwamba mlevi wa kweli hujitahidi kusimama wima.

Njia ya tatu ni nyumbani, nayo ilichukua muda kuliko mbili za kwanza kwa pamoja: nyimbo za gitaa za Katanga za miaka ya 1950, za kina Jean-Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na Edouard Masengo na Losta Abelo. Maneno ni ya Kiswahili, wahusika wako hai, na nje ya Congo ni majopo machache yaliyozisikia kwenye odisyo. Ugumu uko sehemu mbili.

Wa kwanza ni gitaa lenyewe. Mtindo huu hupigwa kwa dole gumba na kidole cha shahada. Gumba linashika besi, shahada inacheza melodi ndogo inayoingia kati ya mapigo. Mpiga kinanda akipewa maneno na akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu tu juu yake, atapiga akodi nzito kwenye kila pigo, na wimbo utageuka tenzi ya Jumapili. Lazima iandikwe: mkono wa kushoto besi peke yake, noti moja moja, bila kanyagio; mkono wa kulia noti moja au mbili, fupi, zikitangulia pigo. Vipimo viwili vya gitaa vikinakiliwa kwa usahihi ndivyo vinakuwa utangulizi, na mpiga kinanda akishavipiga, mkono umeshajua njia kwa wimbo uliobaki.

Ugumu wa pili ni umbo. Nyimbo hizi huzunguka. Akodi zilezile zinarudi kila baada ya vipimo vichache, hakuna kilele kilichojengwa kama katika nyimbo za jukwaani. Watu wengi wangetaka kupandisha toni nusu kwenye beti la mwisho. Tumekataa, ni ujanja ambao kila jopo limeuchoka kuliko wimbo wowote. Badala yake yanachaguliwa mabeti mawili yanayopingana kwa maana, la kulalamika kwanza na la kucheka baadaye au kinyume chake. La kwanza linaimbwa kinanda kikigusa pigo la kwanza tu la kila kipimo, la pili mtindo wote unaingia. Kilele kinatoka kwenye ujazo wa muziki, noti hazipandi popote.

Nyimbo hizi zina wenyewe. Kwa chumba cha odisyo, taja jina la mtunzi juu ya karatasi. Onyesho la kulipisha watu ni suala jingine, la kibali, na mahali pa kuanzia ni SOCODA, shirika la haki za watunzi la Congo.

Mwezi wa tano: kukata

Odisyo za mtindo wa Marekani huomba vipimo 16 au 32. Huku mara nyingi huambiwa «dakika moja» au «beti na kiitikio». Tunahesabu kwa sekunde, kwa sababu vipimo 16 si muda mmoja. Kwa mapigo manne katika kipimo na mwendo wa 72 kwa dakika, vipimo 16 ni sekunde 53. Kwa mwendo wa 120 ni sekunde 32. Vipimo 32 kwa mwendo wa 160 ni sekunde 48, yaani vifupi kuliko vile 16 vya wimbo wa polepole. Mapigo matatu katika kipimo kwa mwendo wa 90: vipimo 16, sekunde 32. Kila wimbo una matoleo matatu kwenye klaseri: mzima, wa kama dakika moja, na wa nusu dakika.

Makosa ya kukata yanajirudia. Linalozidi yote ni kuanzia kwenye kiitikio kwa sababu ndicho kizuri: kiitikio ni jibu, na jibu lisilo na swali ni kelele. Afadhali mistari minne ya mwisho ya beti kisha nusu ya kiitikio. La pili ni kuruka bila kuangalia akodi. Ukitoka kipimo cha 12 kwenda cha 37, angalia akodi unayoiacha na ile unayotua. Mruko mzuri huacha kwenye akodi ya tano ya toni na kutua kwenye ya kwanza, au huacha na kutua kwenye akodi ileile. Kama wimbo ulishabadilisha toni hapo katikati, mruko huo haufai, au sehemu ya mwanzo ihamishwe ifuate toni ya mwisho. La tatu ni utangulizi mrefu. Vipimo viwili vinatosha, na aliyeizoea toni yake anaweza kuomba noti moja tu ya kuanzia.

Mwezi wa sita: karatasi

Vumbi la kiangazi limeanza, makoo yanakauka, na mazoezi ya sauti ya asubuhi yamepunguzwa. Ni wakati mzuri wa kukaa na kazi ya mezani.

Nyimbo zote zilizobadilishwa toni zimeandikwa upya kwa programu ya noti ya MuseScore, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti baada ya kusakinishwa. Kompyuta huhamisha toni bila kufikiri, kwa hiyo angalia matokeo: wimbo ukiangukia fa dièse kubwa wenye dièse (alama za kupandisha noti nusu toni) sita, usukume hadi fa au sol. Tofauti ya nusu toni mwimbaji huizoea kwa siku chache, mpiga kinanda anayesoma mara ya kwanza hana siku hizo. Marudio yote yameandikwa moja kwa moja. Hakuna alama za «rudi kule kisha ruka huku».

Kwa wenye kopi, mambo haya ndiyo yanayoharibika:

Karatasi za Kimarekani zina upana wa mm 216, A4 ina 210. Zikichapwa kwa ukubwa kamili zinakatwa mm 3 kila upande. Chagua kuchapa kwa kutoshea ukurasa. Kopi iliyokaa vibaya hula mstari wa chini, na mstari wa chini ndio besi. Mwimbaji haoni kwamba kuna kilichopungua, anashangaa tu kwa nini wimbo umekonda. Ukingo wa kushoto uachwe sm 2.5, vinginevyo matundu ya klaseri yanatoboa bémol (alama za kushusha noti nusu toni) za mwanzo wa mstari. Karatasi ya gramu 80 inajikunja na kuanguka kwenye kinanda, ya 100 au 120 inasimama. Chapa pande mbili, kurasa mbili zionekane kwa pamoja, wimbo usizidi kurasa nne.

Mifuko ya plastiki tumeiacha. Umeme ukikatika na mpiga kinanda akamulikiwa kwa tochi ya simu, plastiki inarudisha mwanga wote machoni pake.

Alama ni chache. Juu: jina la wimbo, mtunzi, toni, namba ya mwendo. «Début» (mwanzo) na «Fin» (mwisho) kwa herufi kubwa, rangi ya njano. Vipimo vinavyorukwa vifunikwe kabisa kwa karatasi nyeupe. Ukivichora msalaba tu, jicho la msomaji wa mara ya kwanza litaingia mle.

Mwezi wa saba: mbele ya mpiga kinanda

Mwimbaji ana sekunde kama 15 za kuongea naye, na zinafanyiwa mazoezi sawa na wimbo. Salamu kwanza, Papa au Mama au Yaya kulingana na umri, kisha: «Papa, tunaanzia hapa, tunaruka kutoka hapa hadi hapa, tunamalizia hapa. Mwendo ni huu.» Mwendo unaonyeshwa kwa kuimba mstari mmoja kwa sauti ndogo. Usipige vidole: katika wimbo wa mapigo matatu au wa gitaa la Katanga hajui kama unapiga pigo lote au nusu yake, na mbele ya mtu mzima ni utovu wa adabu. Mwendo ukikosewa, usimgeukie kwa uso wa lawama. Shika mwendo wako kwa maneno, konsonanti ziwe kali, atafuata.

Wapiga kinanda wengi wa makanisani hupiga toni zote kwa mkono wa do au fa, kisha hutumia kitufe cha kuhamisha toni. Ni ustadi wa kweli, lakini una hatari moja kubwa: kitufe hubaki kilipoachwa na mwimbaji aliyetangulia. Karatasi inasema mi bémol, vidole viko mi bémol, kinanda kinatoa fa dièse. Kila mwimbaji wetu sasa anaomba noti yake ya kwanza kabla ya kwenda katikati ya chumba. Akisikia iko juu kuliko mwili wake unavyoijua, anauliza kwa upole: «Papa, kinanda kiko sifuri?» Uma wa sauti au programu ya simu inayotoa la ya 440 iwe mfukoni.

Kwa odisyo za jioni, beba pia sauti ya kinanda iliyorekodiwa kwenye simu, bila melodi. Umeme ukikatika na kinanda hakina betri, utaimba na simu, au bila chochote. Matoleo ya nusu dakika yanafanyiwa mazoezi bila kinanda kwa ajili hiyo.

Hali ilivyo

Klaseri za soprano na tenori zimekamilika. Zinarudiwa kusomwa na wapiga kinanda ambao hawajawahi kuziona: wakisimama popote, karatasi inarudi mezani. Alto wanakosa wimbo wa kasi wenye kichekesho kwa Kiswahili. Besi wana uhaba mkubwa zaidi. Nyimbo nyingi za wahusika wazee zimeandikwa kwa baritoni, na zikishushwa, mkono wa kushoto wa kinanda unazama na kuwa matope. Zinahitaji besi ya kinanda ibaki palepale na akodi za mkono wa kulia tu zipangwe upya. Mbili zimeanza kuandikwa hivyo.

Nyimbo za gitaa zilizoandikwa ni tano. Kwa kila moja, mwimbaji mmoja tu ndiye anayeibeba katika kundi, maana wawili wakienda nayo odisyo moja, wa pili ameleta wimbo uliochakaa.